Kisarawe haijahama, mpiga debe tu kanyamaza!

*Umewasha kompyuta yenye mifumo miwili, mmoja hauonekani. Kabla hujakubali fundi "akupigie Windows", soma kwanza hapa.*

Wiki hii tunaziweka kando habari za mapenzi na mitindo ya nywele, tunaingia kwenye balaa linalowaliza vijana wengi wenye laptopu, na wengi hulia kwa kitu ambacho wala hakijapotea.

Balaa lenyewe liko hivi. Una kompyuta yenye mifumo endeshi miwili, Windows na Linux. Siku zote ukiwasha inakuja menyu inakuuliza, "Haya bosi, leo tunaingia wapi?" Unachagua, maisha yanaendelea. Asubuhi moja unawasha, menyu hakuna. Mashine inakimbilia Windows moja kwa moja kama vile Linux haijawahi kuwepo duniani. Au menyu inakuja, lakini jina la Windows limefutika, imebaki Linux peke yake imekukodolea macho.

Hapo ndipo kijasho chembamba kinapoanza kukutoka. Kazi za chuo humo, picha humo, hesabu za duka humo. Unabeba mashine mbio kwa fundi. Naye, kama ni wa wale wenye dawa moja kwa magonjwa yote, hata hajakaa sawa anatoa hukumu: "Hii inatakiwa kupigwa Windows upya."

Msomaji wangu, usikubali haraka hivyo!

Wawili walivyopatwa

Dada mmoja mwenye steshenari pale Maili Moja, Kibaha, alikuwa na mashine ya namna hiyo. Windows aliitumia kwa kazi za wateja, Linux alimwekea mdogo wake anayejifunza kutengeneza programu. Siku Linux ilipopotea, mdogo mtu alikataa kabisa mashine isipelekwe popote. Akaizima, akaiwasha tena huku akibonyeza kitufe kimoja, ikaja orodha, na Linux ilikuwa imo. Dakika kumi hazikufika, mambo yakawa shwari.

Sasa sikia la mshikaji wangu wa Kisarawe. Yeye iliyopotea ni Windows. Akampelekea fundi mmoja wa mtaani, akaambiwa aje kesho. Kesho yake akakuta mashine safi kama imetoka dukani, Windows mpya inang'aa. Ila humo ndani mlikuwa na picha pekee alizobakiwa nazo za marehemu mama yake, na sasa hazikuwepo. Fundi akasema, "Sasa kaka, si ulitaka iwake?" Mshikaji alilipa pesa, akaondoka bila kusema neno.

Tatizo lilikuwa moja. Tofauti ni kwamba mmoja alijua kitu kilichopotea ni jina, sio mali.

Kompyuta nayo ina mpiga debe

Ili uelewe, hebu twende stendi. Chukulia una stendi moja inayopeleka magari Kibaha na Kisarawe. Miji yote miwili iko Mkoa wa Pwani, lakini njia ni mbalimbali. Wa Kibaha anashika Barabara ya Morogoro, wa Kisarawe anapitia Gongo la Mboto na Pugu. Pale stendi yupo mpiga debe anaita, "Kibaha, Kibaha! Kisarawe, Kisarawe!" Wewe abiria unasikia, unachagua gari lako.

Siku mpiga debe akiacha kuita Kisarawe, je, Kisarawe imehama? Thubutu! Mji uko pale pale, watu wako pale pale na milima yao ya Pugu. Kilichokosekana ni sauti tu. Ukienda kuuchoma moto mji eti kwa sababu hukusikia ukiitwa, wewe ndiye mwenye matatizo. Na hicho ndicho anachofanya fundi anayefomati diski kwa sababu jina halionekani kwenye menyu.

Ndani ya kompyuta wapiga debe huwa wawili, na lazima uwajue wote.

Wa kwanza anakaa kwenye bodi ya mashine yenyewe. Kwenye kompyuta za zamani anaitwa BIOS, na za miaka ya karibuni anaitwa UEFI. BIOS alikuwa mzee wa mambo machache, alisoma kile kipande cha kwanza kabisa cha diski chenye baiti 512, akafuata alichoambiwa humo. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja tu, kwa hiyo mfumo uliowekwa mwisho ndio uliokalia kiti. UEFI ni wa kisasa, ana daftari lake kwenye kumbukumbu ndogo ya bodi, ameandika majina mengi kwa mpangilio: kwanza huyu, akishindikana yule. Mafaili anayoyaita yamo kwenye kipande kidogo cha diski, mara nyingi cha megabaiti mia moja hadi mia kadhaa.

Wa pili anaitwa GRUB. Huyu anakuja pamoja na Linux, na ndiye mwenye ile menyu unayoizoea. Naye ana orodha yake, ila haandiki kila siku. Anaiandika upya pale tu anapoamriwa.

Kwa hiyo jina likipotea, swali la kwanza la kujiuliza ni hili: limepotea kwenye daftari la bodi, au kwenye orodha ya GRUB? Ukijibu hilo, nusu ya kazi umemaliza.

Kwa nini yanatokea

Sababu ni nyingi, lakini zinazojitokeza mara kwa mara ni hizi.

Ya kwanza ni Windows kujipa ubosi. Ukiiweka upya, au ikifanya apdeti kubwa, inaweza kujipandisha namba moja kwenye daftari. Linux haijafutwa, imesukumwa tu nyuma ya foleni.

Ya pili inahusu GRUB mwenyewe. Tangu toleo lake la 2.06 lilipotoka mwaka 2021, GRUB haendi tena kutafuta mifumo mingine kwenye diski bila kuruhusiwa. Watengenezaji waliona kitendo cha kupekua kila kipande cha diski kina hatari kiusalama, wakakizima. Matokeo yake mtu anafanya apdeti ya Linux, akiwasha anakuta Windows haipo kwenye menyu. Anadhani kaibiwa!

Ya tatu ni daftari la bodi kufutika. Kwenye baadhi ya mashine hutokea baada ya kuapdeti programu ya bodi au kurudisha mipangilio ya kiwandani. Mashine za zamani nazo zina kile kibetri cha mviringo kama sarafu, CR2032 cha volti 3. Kikichoka, mipangilio inaweza kurudi ya mwanzo. Dalili yake ni saa na tarehe: ukiwasha mashine ikakwambia uko miaka mingi nyuma, mshuku kibetri kwanza.

Ya nne, mifumo miwili kuwekwa kwa mitindo miwili, mmoja kwa njia ya zamani ya BIOS, mwingine kwa UEFI. Hao hawaonani kwenye menyu moja hata uwabembeleze.

Kasheshe la Agosti 2024

Kama unadhani mambo haya ni ya mafundi wa kubahatisha tu, basi sikia hili. Tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft walitoa apdeti ya usalama ya Windows. Nia ilikuwa njema, kuzuia matoleo ya zamani ya programu za kuwashia mashine ambayo yalikuwa na mianya. Walisema apdeti hiyo haitagusa mashine zenye mifumo miwili. Lakini kwenye baadhi ya mashine haikutambua kwamba kuna Linux pembeni, ikapita nayo.

Watu sehemu mbalimbali za dunia wakawasha mashine, wakachagua Linux kama kawaida, wakakutana na maneno ya Kizungu "Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation", kisha mashine ikazimika. Hapa mpiga debe alikuwa anaita vizuri tu, lakini askari wa getini alikuwa amepewa amri mpya ya kuzuia gari lisitoke.

Dawa iliyotumika ilikuwa kuingia kwenye mipangilio ya bodi, kuzima kitu kinachoitwa "Secure Boot", kuingia Linux, kuandika amri `sudo mokutil --set-sbat-policy delete`, kuwasha upya na kuingia tena Linux, halafu kurudisha "Secure Boot" mahali pake. Microsoft walitoa marekebisho Mei 2025. Kama wakubwa kama wale wanaweza kuwafungia watu geti, wewe wa Kibaha usijione mjinga yakikukuta.

Kabla hujagusa chochote

Tulia. Kunywa maji. Halafu fanya mambo mawili.

Moja, kama kuna mfumo hata mmoja unaowaka, nakili mali zako kwenye flashi au diski ya nje sasa hivi. Usiseme kesho.

Pili, jua kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker. Kwenye mashine nyingi mpya inajifunga yenyewe bila mwenyewe kujua. Ukichezea mipangilio ya bodi inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi kwanza, ndipo uendelee. Bila huo ufunguo, hata fundi wa Ulaya hakusaidii.

Sasa tuingie kazini

Hatua ya kwanza: muulize mpiga debe wa bodi. Zima mashine kabisa, iwashe huku ukigongagonga kitufe cha menyu. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP jaribu Esc au F9, kwa laptopu za ASUS ni Esc. Ikija orodha, angalia kama kuna "Windows Boot Manager" na jina la Linux yako, mfano "ubuntu". Ukiliona jina lililopotea, lichague. Likiwaka, shangilia, kwani tatizo ni mpangilio tu. Ingia kwenye mipangilio ya bodi, tafuta sehemu ya "Boot", pandisha juu kile unachotaka kianze. Kazi imekwisha, na hujalipa hata senti.

Hatua ya pili, kama Linux inawaka lakini Windows haimo kwenye menyu ya GRUB. Ingia Linux, fungua dirisha la amri, uandike `sudo nano /etc/default/grub`. Mwisho wa faili ongeza mstari huu:

`GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`

Hifadhi, toka, kisha andika `sudo update-grub`. Amri hiyo ni kwa Ubuntu, Mint na Debian. Hakikisha tu programu ya `os-prober` ipo kwenye mashine. Macho yako yaelekee kwenye kioo. Ukiona mstari unaosema imepata "Windows Boot Manager", mambo bomba, washa upya. Na kama menyu yenyewe haionekani kabisa, huenda imefichwa tu. Mashine ikiwaka bonyeza Esc, au shikilia Shift kwa zile za BIOS.

Hatua ya tatu, kama Linux ndiyo iliyopotea, na hata kwenye orodha ya bodi haimo. Kwanza thibitisha iko hai. Ukiwa Windows fungua "Disk Management", utaona vipande vya diski visivyo na herufi. Vyumba vya Linux vimo miongoni mwa hivyo, Windows inashindwa tu kuvisoma. *Ikikuuliza uvifomati, jibu hapana.* Narudia, hapana!

Kisha tafuta flashi yenye Ubuntu, azima hata kwa rafiki. Iwashe mashine kwa flashi hiyo kwa mtindo wa UEFI, uchague kuijaribu bila kuiweka. Ukiwa na bando, weka programu ya Boot-Repair, ambayo inakagua na kurekebisha yenyewe kwa kubonyeza kitufe kimoja. Bando huna? Andika `lsblk` uone majina ya diski na vipande vyake. Kama kile kipande kidogo cha UEFI ni cha kwanza kwenye diski inayoitwa sda, jina unalirudisha kwenye daftari la bodi kwa amri hii:

`sudo efibootmgr --create --disk /dev/sda --part 1 --label ubuntu --loader '\EFI\ubuntu\shimx64.efi'`

Kwenye mashine mpya diski huitwa nvme0n1, basi badilisha hapo. Usinakili kama kasuku, angalia kwanza mashine yako inasemaje.

Hatua ya nne, kama mafaili ya kuwashia Windows yenyewe ndiyo yameharibika. Hapo tumia flashi ya Windows. Usibonyeze sehemu ya kuiweka upya, chagua "Repair your computer", nenda mpaka kwenye dirisha la amri, andika `bcdboot C:\Windows`. Angalia kwanza kama kweli Windows iko herufi C, maana ukiwa kwenye flashi herufi zinaweza kuhama. Ukimaliza, Windows huenda ikajipa tena ubosi, basi rudi hatua ya kwanza.

Yote hayo yakigoma, na bodi haioni hata diski yenyewe, basi huo ni ugonjwa mwingine. Waya umelegea au diski inakufa. Hapo sasa mtafute fundi, lakini fundi wa kweli.

Maswali ya kumuuliza fundi

Mimi siwachukii mafundi, wapo vichwa hasa, hapo Kibaha na hapo Kisarawe. Ila mteja asiyejua kuuliza ndiye anayeliwa. Kabla hujaacha mashine yako mezani, mwulize haya:

Umeangalia orodha ya bodi ukaona nini? Vipande vya diski bado vipo? Utaninakilia mafaili yangu kabla ya kugusa kitu? Kuna njia ya kurudisha jina bila kufomati?

Akikujibu kwa utaratibu, kaa naye. Akianza longolongo, "Aah dogo, wewe niachie tu," beba mashine yako uondoke. Neno "niachie tu" limefuta picha za watu wengi.

Kwa nini tujisumbue na mifumo miwili?

Kuna msomaji anajiuliza, shida zote hizi za nini, si mtu akae na mfumo mmoja? Jibu liko mfukoni. Laptopu nyingi tunazonunua ni zilizokwishatumika. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 ina masharti yake, ikiwemo kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazitimizi. Kwa hiyo mtu anaiacha Windows kwa kazi aliyoizoea, anaweka Linux ya bure pembeni kwa ajili ya intaneti na masomo. Ni akili, sio ushamba.

Halafu tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini za bure zinazoongea Kiswahili. Kutoka kupiga marufuku mpaka kuifanya kompyuta iongee lugha yetu! Leo kijana wa Pwani ana mifumo miwili kwenye mashine moja ndani ya begi. Itakuwa aibu akishindwa kwa sababu ya jina moja kwenye orodha.

Kinga ni bora

Siku mashine ikiwa nzima, fanya haya uondokane na presha. Piga picha kwa simu ile menyu na ile orodha ya bodi, ujue ya kawaida inafananaje. Weka flashi moja ya Linux kabatini, isiguswe kwa kuwekea miziki. Zima kitu kinachoitwa "Fast Startup" kwenye Windows, maana kinaiacha diski nusu usingizi, na Linux ikiigusa hali hiyo mafaili yanaweza kuharibika. Ukitaka kuongeza nafasi kwenye diski, usikifute kile kipande kidogo eti hakina kazi. Hicho ndicho stendi yenyewe!

Na zaidi ya yote, vitu usivyoweza kuvipata tena, picha za wazazi, vyeti, kazi ya mwaka mzima, visikae sehemu moja. Mashine inanunuliwa, sura ya mama hainunuliwi.

Haya, kazi kwenu. Wiki ijayo tukijaliwa tutaongea kuhusu simu zinazojaa hata kama huna kitu. Kwaherini!